Baridi ya Juni na gundi ya boti: Kwa nini ubao wa nyuma hubanduka kwenye faiba

WAMILIKI wengi wa boti za faiba katika maziwa ya nyanda za juu huona mwezi Juni kuwa ndio mwezi wa kupeleka chombo kwa fundi. Mvua ndefu zimepungua, biashara ya Aprili na Mei ilikuwa hafifu, na watalii wa Julai na Agosti bado hawajaanza kumiminika. Kwa hesabu ya biashara huo ni wakati mzuri wa ukarabati. Kwa hesabu ya gundi, ni miongoni mwa nyakati mbaya kabisa katika mwaka.

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 8 au 9 za Sentigredi, wakati mwingine chini ya hapo, na asubuhi umande hulala juu ya boti, juu ya mbao na juu ya vifaa vya fundi. Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale nchini Uganda, liko juu zaidi, mita 1,900 na ushei, na usiku wake ni wa baridi karibu mwaka mzima. Hata pande za Bukoba na Mwanza, kwenye Ziwa Victoria lililo mita 1,134, usiku wa kipupwe hushuka chini ya nyuzi 18. Ilhali maelekezo ya resini nyingi zinazouzwa madukani yameandikwa kwa karakana yenye joto la nyuzi 20 hadi 25.

Tofauti hiyo ya nyuzi kumi haionekani kwa macho. Fundi anapaka, anabana, anaondoka. Siku ya tatu boti inarudi majini ikiwa na rangi mpya na kila mtu ameridhika. Matokeo huja baadaye, katikati ya ziwa, mashine inapovutwa kwa nguvu.

Sehemu inayoumia zaidi ni ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, ambao wavuvi wa pwani huuweka katika lugha ya tezi. Katika boti nyingi za faiba, nyuma si faiba tupu. Ndani yake kuna mbao au plaiwudi iliyozungushiwa matabaka ya faiba, kwa sababu faiba peke yake ni nyembamba na hupinda inapobanwa na skrubu za mashine. Ubao ndio uti wa mgongo wa boti, na kinachoushikilia ni gundi.

Mashine ya nguvu za farasi 15 ya mizunguko miwili ina uzito wa karibu kilo 36 hadi 40. Ile ya farasi 40 hukaribia kilo 70. Uzito huo si kitu kikubwa boti ikiwa imetulia. Tatizo ni pale pangaboi inapoanza kusukuma. Nguvu yake inatokea chini, ndani ya maji, na kuusukuma ubao mbele kwa sehemu ya chini huku ikiuvuta nyuma kwa sehemu ya juu. Kila mara nahodha anapofungua moto, ubao unapindwa kama mlango unaosukumwa chini na kuvutwa juu. Gundi nzuri hustahimili hayo kwa miaka. Gundi iliyolala na baridi huanza kuachia pembeni, kidogo kidogo, na maji yanapata njia ya kuingia.

Naivasha, kwa Kimaasai, ni jina linalohusu maji yanayochafuka. Wanaoendesha boti kutoka Karagita na Kamere wanajua sababu: asubuhi ziwa ni shwari, mchana upepo unaamka na mawimbi yanapanda. Ziwa hilo hilo lina viboko. Hapo si mahali pa kugundua kwamba mashine inatikisika na ubao wake.

Resini mbili, tabia mbili

Mafundi wengi hutumia neno moja, resini, kwa vitu viwili visivyofanana. Hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Ya kwanza ni poliesta. Hiyo ndiyo iliyotengenezea boti zenyewe, matangi mengi ya maji na hata mabomba ya faiba. Ni ya bei nafuu, inanuka sana, na hugandishwa kwa katalisti kidogo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Ya pili ni epoksi. Hii ni ghali, harufu yake si kali, na haigandishwi kwa matone bali kwa hadena inayopimwa kwa uwiano maalum: aina moja hutaka sehemu tano za resini kwa moja ya hadena, nyingine mbili kwa moja, nyingine nusu kwa nusu.

Kwa kushika faiba juu ya faiba mbichi, poliesta inafaa. Kwa kushika mbao, ni dhaifu. Hunywea inapoganda, huwa ngumu lakini yenye kuvunjika kwa urahisi, na haing'ang'anii nyuzi za mti kama epoksi inavyofanya. Zipo boti za plaiwudi zilizovikwa faiba kwa poliesta na zikadumu, hasa pale zilipotengenezwa kwa mbao kavu na kutunzwa vizuri. Lakini katika kiungo kinachobeba mashine, kuokoa fedha kwa poliesta ni kucheza kamari.

Mti na faiba pia havina tabia moja. Mti hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea. Faiba haifanyi hivyo kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo gundi iliyo kati yao inavutwa huku na huku kila mvua na kila jua. Epoksi ina ustahimilivu wa kuvutwa hivyo, tena huziba vinyweleo vya mti ili usinywe maji kabisa. Ndugu watatu wa familia ya Gougeon, wajenzi wa boti wa Bay City, Michigan, nchini Marekani, walianza kuuza epoksi ya namna hii mwaka 1969 wakiwa na hoja hiyo hiyo: mti uliozibwa kila upande hubaki mkavu, na mti mkavu hauozi. Michigan ni nchi ya theluji, na mengi yanayojulikana leo kuhusu kutumia gundi hii kwenye baridi yalitokana na mafundi wa nchi za aina hiyo, ambao majira yao ya ukarabati ni majira ya baridi vilevile.

Jambo moja la kukumbuka ni mpangilio. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa. Poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Fundi akishaanza na epoksi, amalizie na epoksi, pamoja na matabaka ya faiba ya juu.

Baridi inafanya nini

Gundi hizi hazikauki kama rangi au kama gundi nyeupe ya maseremala. Hazipotezi maji. Zinaganda kwa sababu vitu viwili vimekutana na kuungana, na muungano huo unahitaji joto. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10, muda wa kuganda huongezeka karibu mara mbili. Kazi iliyochukua saa nane kwenye nyuzi 25 itachukua kama saa kumi na sita kwenye nyuzi 15, na siku nzima na nusu hivi kwenye nyuzi 5, ikiwa itaganda.

Hilo la mwisho ndilo la hatari. Kila hadena ina kiwango chake cha chini. Kwa mfano, katika epoksi maarufu za boti, hadena ya polepole hutaka nyuzi 16 kwenda juu, na ile ya haraka hukubali hadi nyuzi 4 au 5. Mwenye duka akimuuzia fundi wa Naivasha hadena ya polepole mwezi Julai, amemuuzia gundi itakayofanya kazi mchana na kulala usiku. Poliesta nazo, nyingi hutaka nyuzi 15 au zaidi, na ikibaki nusu mbichi kwa siku nyingi baadhi ya kemikali zake huyeyukia hewani, hivyo hata joto likija baadaye haifikii tena nguvu yake kamili.

Baridi hufanya pia resini iwe nzito kama asali ya asubuhi. Gundi nzito haipenyi ndani ya nyuzi za mti. Hukaa juu juu. Tena, anayepima kwa pampu hudanganyika, kwa kuwa resini inakwenda polepole kuliko hadena, na uwiano unapotea bila yeye kujua.

Kuna kosa linalozaliwa na hali hii, nalo ni la kawaida mno: fundi akiona gundi haigandi, anaongeza hadena. Kwenye epoksi hilo haliharakishi chochote. Hadena iliyozidi haina cha kuungana nacho, inabaki kama uchafu laini ndani ya kiungo, na kiungo hakitakuwa kigumu milele. Gundi yenye uwiano sahihi iliyochelewa kwa baridi inaweza kuokolewa kwa kuipasha joto. Gundi yenye uwiano mbaya haiokolewi. Ni ya kukwanguliwa yote, kupiga msasa na kuanza upya. Kwenye poliesta kuna nafasi kidogo ya kuongeza katalisti ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kopo, lakini kupita kiwango hicho huifanya resini iwe dhaifu.

Halafu kuna mafuta ya baridi. Epoksi nyingi zikiganda polepole kwenye hewa yenye unyevu hutoa utando mwembamba juu yake, unaoteleza kama nta. Ukipaka tabaka la pili au rangi juu ya utando huo, umepaka juu ya sabuni. Wengi hukimbilia asitoni, lakini asitoni huusambaza tu. Utando huo huyeyuka kwa maji. Maji safi na sponji ngumu ya kusugulia sufuria, kisha kitambaa kikavu, kisha msasa, vinatosha. Msasa utangulie maji na fundi atakuwa ameushindilia ndani ya mikwaruzo.

Chupa za soda

Wafanyabiashara wadogo wa vifaa vya ujenzi wana sehemu yao katika jambo hili. Resini huja kwa madumu makubwa, na mteja anataka lita moja. Hapo ndipo chupa ya soda au ya maji inapoingia: resini hapa, hadena kwenye kichupa kingine, hakuna jina, hakuna uwiano, hakuna tarehe. Mteja anaambiwa kwa mdomo, naye anafika kwenye ziwa akiwa amesahau kama ni tano kwa moja au mbili kwa moja.

Biashara ya kupima kidogo kidogo si kosa, na bila hiyo wenye boti moja wasingeweza kununua kabisa. Lakini kalamu na kipande cha karatasi ya gundi havigharimu kitu. Yaandikwe mambo manne: ni resini gani, uwiano wake, kama uwiano huo ni kwa ujazo au kwa uzito, na joto la chini la hadena. Kuna kisa kingine cha kutenga vichupa: katalisti ya poliesta ni kemikali kali, tone moja jichoni linaweza kupofusha, na ikichanganywa moja kwa moja na kichochezi cha kobalti kinachotumika kwenye resini hizo hizo inaweza kulipuka. Kitu kama hicho hakifai kukaa ndani ya chupa ambayo mtoto anaijua kama ya soda.

Katalisti ya poliesta haigandishi epoksi, wala hadena ya epoksi haigandishi poliesta. Kwenye chupa zisizo na majina, vyote vinafanana na maji.

Resini ya epoksi iliyokaa dukani kwenye baridi inaweza pia kuganda chenga nyeupe kama asali ya zamani. Wapo wanaoitupa wakidhani imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Kopo likiwekwa ndani ya maji ya moto ya nyuzi 50 hivi, huku mfuniko ukiwa umelegezwa na maji yasiingie, chenga huyeyuka na resini inarudi kuwa safi.

Kuandaa kabla ya kupasha

Joto haliwezi kurekebisha maandalizi mabaya. Kazi huanza na kutoa ubao uliooza wote, si ule unaoonekana tu. Fundi anayegonga kwa mpini wa nyundo husikia tofauti: sehemu nzima hulia kwa sauti kavu, iliyooza hutoa sauti ya kufa. Kuacha kipande chenye unyevu ndani ni kufungia ugonjwa.

Ubao mpya uwe mkavu. Kipimo kinachokubalika ni unyevu wa asilimia 12 au chini yake. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kupima kipande cha ubao kwenye mizani, akakiweka sehemu kavu yenye joto kwa siku kadhaa na kukipima tena. Kikiendelea kupungua uzito, bado hakijawa tayari. Plaiwudi iwe ya daraja la majini, kwa sababu plaiwudi ya kawaida ya dari huachana matabaka hata kama gundi ya fundi ni bora. Mvule na msaji zina mafuta yake, hivyo hufutwa kwa asitoni muda mfupi kabla ya kupakwa.

Upande wa faiba una adui mmoja, nta. Boti hutolewa kwenye kalibu kwa kutumia nta, na poliesta ya tabaka la mwisho huwekwa nta ndani yake ili juu pasibaki pananata. Nta iondolewe kwanza kwa kitambaa chenye asitoni, kitambaa kikibadilishwa mara kwa mara, ndipo msasa namba 80 upite hadi ng'aro yote iishe. Mwisho, nyunyiza maji safi. Maji yakitandaa kama karatasi, pako tayari. Yakijikunja matone matone, nta bado ipo. Ni jaribio la dakika moja, na pengine ndilo lenye faida kubwa kuliko vifaa vyote vya kisasa. Baada ya hapo faiba iachwe ikauke kabisa.

Umande nao ni maji. Boti iliyolala nje Naivasha haifai kupakwa gundi saa mbili asubuhi, hata kama jua limeshatoka. Faiba yenyewe bado ni baridi kuliko hewa, na unyevu unaendelea kutua juu yake bila kuonekana vizuri. Kiganja kikiona ubaridi wenye unyevunyevu, kazi isubiri.

Joto la bei nafuu

Hapa ndipo akili ya fundi inapohitajika kuliko fedha. Kinachotakiwa kuwa na joto si hewa ya karakana. Ni ubao, faiba na gundi yenyewe. Hewa yenye joto juu ya faiba ya baridi huleta unyevu tu, kama kioo cha gari kinavyofanya asubuhi.

Makopo ya resini na hadena yakae ndani ya nyumba usiku, kisha yawekwe kwenye beseni la maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya. Yasipite joto la mkono unaoweza kustahimili. Resini iliyopashwa huganda haraka ndani ya kopo, na kopo lililojaa linaweza kuchemka lenyewe na kutoa moshi. Kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo na kumwagwa kwenye chombo kipana cha kina kifupi. Kuchanganya kwenyewe kuchukue dakika mbili kamili, kwa kukwangua kuta na pembe za chombo. Kwenye baridi, zidisha dakika moja.

Ubao uanikwe juani asubuhi, upande wa kupakwa ukitazama jua, huku boti ikigeuzwa ili nyuma yake ipate jua pia. Kisha vyote viwekwe kivulini kabla ya kupaka, kati ya saa sita na saa saba mchana. Sababu yake si ya kubahatisha. Ubao unaoendelea kupata joto husukuma hewa iliyo ndani ya vinyweleo vyake, na hewa hiyo hutoboa gundi kwa mapovu. Ubao ulioanza kupoa hufanya kinyume: unanyonya gundi ndani. Wakati huohuo fundi amebakiwa na saa tano au sita za mchana kabla baridi haijaanza.

Usiku boti ihifadhiwe. Jiko la mkaa chini ya turubai ndilo jambo la kwanza kuwajia wengi, nalo ni baya. Hewa yake ya sumu imeua watu katika nyumba zilizofungwa, na mvuke wa asitoni na poliesta hushika moto kwa cheche moja. Jiko la mafuta ya taa lisilo na bomba la moshi ni bora kidogo kwa joto, lakini hutoa mvuke wa maji na masizi ya mafuta yanayotua juu ya kazi.

Kuna njia isiyo na moto wala umeme: madumu ya maji ya moto. Dumu la lita 20 lenye maji ya nyuzi 70, likipoa hadi nyuzi 20, hutoa joto linalolingana na hita ya wati 1,000 iliyowaka kwa zaidi kidogo ya saa moja. Madumu mawili yakiegemezwa nyuma ya boti na mawili yakawekwa ndani, yote yakafunikwa kwa blanketi kuukuu na turubai juu yake, kiungo hakitashuka kufikia joto la nje kwa saa nyingi. Yabadilishwe mara moja kabla ya kulala. Penye umeme, balbu mbili za zamani za waya, za wati 100, hufanya kazi hiyo usiku kucha chini ya turubai. Balbu za kisasa za kubana matumizi ni nzuri kwa bili lakini hazina joto la kutosha. Kipimajoto cha bei rahisi kikae kikigusa faiba, si kikining'inia hewani.

Kupaka na kubana

Kupaka kufanyike mara mbili. Kwanza epoksi nyepesi, isiyochanganywa na unga wowote, ipakwe pande zote mbili na iachwe inywewe kwa dakika kadhaa. Sehemu zilizokauka zirudiwe. Miisho ya plaiwudi hunywa kuliko kwingine kote. Ndipo epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wa silika au unga laini wa mbao ipakwe upande mmoja kwa mwiko wenye meno. Unzito wake uwe kama wa siagi ya karanga. Unga mwepesi wa kujazia, ule unaofanya mchanganyiko uwe rahisi kusagwa kwa msasa, haufai kwenye kiungo cha kubeba mzigo.

Kubana hakutaki nguvu. Seremala aliyezoea gundi nyeupe hukaza jiliwa hadi gundi yote inamwagika nje, na kwa epoksi hilo ni kosa, kwa sababu kiungo kinabaki kikavu. Bana hadi gundi ichungulie pembeni kwa urefu wote, basi. Kwa baridi, jiliwa zisifunguliwe siku inayofuata kwa sababu tu wakati umefika. Kila mchanganyiko uachiwe tone lake juu ya kipande cha faiba ndani ya turubai lile lile. Ukucha ukiacha alama kwenye tone hilo, jiliwa zibaki.

Hesabu yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Ubao wa nyuma wa upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 0.5 una eneo la mita za mraba 0.6. Gundi ya unene wa milimita 1 katika eneo hilo ni lita 0.6. Kama ubao umeunganishwa kwa plaiwudi mbili za milimita 18, kuna eneo jingine kama hilo, hivyo lita 1.2. Ongeza ya kunywewa, ya kuziba miisho na itakayobaki kwenye makopo, na mwenye boti anahitaji kama lita mbili. Kwa uwiano wa tano kwa moja, hizo ni lita moja na theluthi mbili za resini na theluthi moja ya hadena. Epoksi huweza kugharimu mara mbili au tatu ya poliesta, pengine zaidi kulingana na duka. Lakini tofauti hiyo ya lita mbili ilinganishwe na mapato ya siku chache za Agosti boti ikiwa imepakiwa nchi kavu kwa mara ya pili, pamoja na gharama ya kubomoa kazi ya kwanza.

Kazi nzuri ya gundi huharibiwa mara nyingi na drili. Matundu ya boliti za mashine ndiyo mlango mkuu wa maji. Mafundi waangalifu hutoboa tundu kubwa kuliko boliti, hulijaza epoksi nzito, huiacha igande, kisha hutoboa upya tundu la saizi katikati ya epoksi hiyo. Boliti haigusi mti kabisa. Kazi hii huongeza siku moja, na kwenye baridi huongeza mbili.

Hata baada ya kuonekana ngumu, epoksi huendelea kujenga nguvu kwa siku kadhaa, na kwenye baridi kwa wiki moja au mbili. Boti inaweza kurudi majini mapema kwa kasia, lakini mashine ya farasi 40 isifungwe siku ya tatu. Hapa ndipo mvutano kati ya fundi na mwenye chombo unapokuwa mkali, maana kila siku ya kusubiri ni ya kukosa wateja. Mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) anaweza kuhesabu maboya na kutazama mashine. Hawezi kuona ndani ya kiungo.

Mambo haya hayawahusu wenye boti za watalii pekee. Wafugaji wa samaki wa vizimba kwenye Ziwa Victoria hutumia boti za faiba kupeleka chakula na kuvuna, na Tanzania katika miaka ya 2020 imekuwa ikikopesha wavuvi boti za kisasa za faiba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB). Boti hizo zitazeeka, na ubao wa nyuma kwa kawaida huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuzeeka. Mafundi wa mitumbwi ya mbao waliorithi kazi ya kalafati na misumari ndio watakaoletewa.

Fundi anayetaka kujua kama gundi aliyonunua inafaa kwa baridi ya kwao hahitaji maabara. Achukue kipande cha plaiwudi na kipande cha faiba ya boti kuukuu, aviandae kama atakavyoandaa boti, avigundishe na kuviacha usiku mahali boti itakapolala. Baada ya siku mbili avitenganishe kwa patasi na nyundo. Mti ukichanika na nyuzi zake kubaki juu ya faiba, gundi imeshinda mti. Faiba ikitoka safi na kung'aa, kasoro iko kwenye msasa, kwenye joto au kwenye ile chupa isiyo na jina, na amepoteza gundi ya kijiko kimoja badala ya boti.